Proxxon Thermocut 230/E: mwaka wa pili nakata magofu ya Gede mezani

Nianze na jibu, manake najua kuna watakaosoma mistari miwili waende zao. Kama unajenga kijumba kimoja cha mchezo wa mezani kwa mwaka usinunue hii mashine ya kukata stairofomu kwa waya wa moto, kisu kikali na rula ya chuma vinakutosha kabisa. Lakini kama unataka kujenga mji mzima, kuta, ngazi, sakafu, matofali mia tatu ya ukubwa mmoja, basi nunua na hutajuta, mi ninayo mwaka wa pili sasa na karibu kila kitu kilichosimama kwenye meza yangu kimepita kwenye ule waya.

Kwa wageni wa haya mambo, naongea kuhusu michezo ya mezani ya visanamu. Vijitu vya urefu wa milimita 28 hivi, unavipaka rangi mwenyewe, mnavipanga mezani, mnavisogeza kwa tepu ya kupimia, mnarusha dadu kujua nani kapigwa nani kapona. Mi naishi Uingereza, karibu na Nottingham, na huku ndio kama nyumbani kwa hii michezo, Games Workshop wenyewe makao yao makuu yako hapo hapo mjini. Klabu yetu hukutana Alhamisi jioni na mchezo tunaoupenda ni wa wachawi wanaogombania hazina ndani ya mji uliokufa. Sasa mji uliokufa bila magofu ni nini? Ni vijitu vimesimama juu ya kitambaa cha meza, hakuna pa kujificha, mwenye upinde anamaliza watu wote kwa raundi mbili, mchezo hauna ladha. Mandhari ndiyo inayofanya mtu afikirie nipite wapi, nijibanze wapi, nipande juu ya ukuta gani.

Magofu ya plastiki ya dukani yapo na ni mazuri, sikatai. Lakini yote yana sura moja, madirisha marefu ya makanisa, minara ya ngome, mapaa ya mawe ya Ulaya. Na mimi nimezaliwa Malindi. Gede iko pale pale jirani, tumepelekwa na shule, tumeenda Idi na familia, ule msitu na zile kuta nimezishika kwa mkono. Mji wa Waswahili, nyumba za matumbawe na chokaa, msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima virefu, halafu watu wakauhama karne ya 17 msitu ukaingia ukaukumbatia. Kuta bado zimesimama bila mapaa na mizizi ya miti imezishika kama vidole. Jamani, kama kuna mji uliokufa duniani unaofaa wachawi kugombania hazina basi ni ule. Mwaka 2024 UNESCO wameuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, na niliposikia ile habari nilikuwa nimekaa na bodi ya stairofomu mapajani nachora milango yake, nilifurahi kama nimepewa mimi.

Sasa mashine yenyewe. Ni meza ndogo ya sentimita 39 kwa 28, nyuma yake kuna mkono umeinuka ukaja mbele juu ya meza, na kutoka kwenye ule mkono unashuka waya mwembamba sana, milimita 0.2, unaingia kwenye tundu katikati ya meza. Umeme unapita kwenye transfoma unatoka mdogo, waya unapata moto wa kati ya nyuzi 100 na 200, kuna kifundo cha kuongeza na kupunguza. Basi, hakuna kingine. Haina mota, haina meno, haina kelele, unaweza kukata saa sita za usiku na mtoto amelala chumba cha pili. Unasukuma stairofomu kwenye waya na waya unapita.

Mnamkumbuka mwenye duka akikata mche wa sabuni kwa uzi? Ndio hivyo hivyo. Uzi unapita, sabuni inabaki na uso laini kabisa, hakuna kilichovunjika, na kisu hakiwezi kukupa ule uso. Kisu kwenye stairofomu hata kiwe kipya mwisho wake kinaanza kuvuta badala ya kukata, unaona kingo zimechanika. Na ile nyeupe ya boksi la TV yenye vichembe vya duara ndio mbaya zaidi kwa kisu, vichembe vinamwagika sakafuni vinashika mpaka kwenye nguo. Kwa waya hata hiyo nyeupe inakatika safi, na kwa vilima na majabali ni nzuri tu. Ila kwa kuta tumia ile ngumu inayoitwa XPS, huku inauzwa kwa wajenzi kama bodi za kuzuia baridi, ya waridi au ya bluu kutegemea mtengenezaji, haina vichembe ndani kwa hivyo inakubali kuchorwa na kugandamizwa na ile alama inabaki.

Kabla ya hii nilinunua kale kakalamu ka waya moto ka bei rahisi, jina la kampuni siliweki hapa, na nilihangaika nako miezi kadhaa. Shida ya kalamu ni kwamba mkono wako ndio unaobeba waya, na mkono wa binadamu unatetemeka, ukuta unatoka mawimbi, vigae viwili havilingani, ukiviweka kando kwa kando kisanamu kinasimama kimeinama. Kwenye mashine ya meza waya umesimama wima haujui kuchoka na wewe kazi yako ni kusukuma tu. Hiyo ndio pesa unayolipia, mi nililipa kama paundi 110, na nakwambia ukweli unalipia kulingana. Vigae vyangu vya sakafu ni vya inchi moja kwa moja ili hata jamaa wa Dungeons & Dragons, mchezo mwingine wa mezani, watumie, manake kwao mraba wa inchi moja ni futi tano, na ukivikata vigae mia vyote mia vinakaa sawa. Kwa kalamu sikuwahi kupata hata kumi.

Lakini usidhani unawasha na kukata tu, ina tabia zake na siku ya kwanza niliharibu nusu bodi. Kubwa ni mwendo. Ukisukuma kwa nguvu waya unabaki nyuma katikati, huku umeshikwa juu na kule umeshikwa chini lakini tumbo lake limechelewa, kwa hivyo kigae kinatoka na tumbo na hukioni mpaka ukiweke mezani kiyumbe. Ukienda polepole sana nako waya unakula zaidi ya pale ulipotaka, ufa unakuwa mpana. Mwendo mzuri ni ule ambao unaweka kidole nyuma ya bodi na bodi inakwenda kama inajiendea yenyewe. Na moto uuweke chini kuliko unavyodhani, ukiona moshi ujue umezidisha, punguza. Na jambo la moshi nisilipite hivi hivi, ile stairofomu ikiyeyuka inatoa hewa isiyo nzuri kwa mapafu, styrene, kwa hivyo dirisha wazi hata kama ni Januari na nje kuna barafu, mi navaa koti nakata. Usikate chumba kimefungwa. Na mtoto asiachwe karibu na ule waya hata dakika, ni mwembamba hata hauonekani kwamba una moto.

Haya, niwaonyeshe ukuta mmoja nilivyoufanya.

Ukuta wa Gede ni mawe ya matumbawe yasiyo na umbo, yamepangwa na kushikwa kwa chokaa, halafu juu yake plasta. Leo plasta imebanduka vipande vipande, kwa hivyo unaona sehemu laini na sehemu zenye matundu matundu ubavuni mwa ukuta mmoja. Nilikata vipande viwili vya milimita 6, nikavigandisha mgongo kwa mgongo, jumla 12. Kwa nini viwili? Kwa sababu ya vidaka. Zile nyumba zina vidaka ukutani, vile vishimo vya mraba vya kuwekea taa na vyombo, na waya hauwezi kuchimba shimo lisilotokea upande wa pili, waya unakata moja kwa moja tu. Kwa hivyo kile kipande cha mbele nakitoboa na kile cha nyuma nakiacha kizima, nikivigandisha kidaka kimepatikana. Kukitoboa katikati unafungua waya juu, unaupitisha kwenye tundu ulilochoma kwa sindano, unaufunga tena, unakata mraba wako, unafungua tena. Ni kazi ya kuchosha, kwa ukuta wa vidaka sita inakwenda saa nzima, ila ukimaliza na ukaweka kimshumaa kidogo mle ndani unaisahau ile saa.

Mlango ni rahisi zaidi manake unaingilia kutoka chini. Milango ya kule ina upinde wenye ncha juu, sio duara, na mkono mtupu haukati upinde sawa pande zote mbili. Nilichora kwenye karatasi ngumu, nikakata, nikaibana kwa pini upande wa chini wa bodi, nikauacha waya ufuate ukingo wa karatasi. Ile karatasi moja imenikatia milango kumi na moja na yote ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja.

Halafu mashine unaizima, na hapa ndipo nataka watu wanielewe. Uso unaotoka kwenye waya ni laini kama sahani, na ukuta laini ukiupaka rangi unaonekana ni stairofomu iliyopakwa rangi. Uzuri unaingia kwa mkono. Mi nachora kwa kalamu ya wino mpaka wa pale plasta ilipobanduka, mstari wa kupinda pinda, nabonyeza kidogo ili upande mmoja uwe chini. Ndani ya huo mpaka nachukua karatasi ya foili ya jikoni niliyoifinyanga tonge, nagandamiza, nageuza, nagandamiza, halafu brashi ya waya kidogo, na yale matundu ya matumbawe yanatokea yenyewe. Nje ya mpaka naacha laini, ndio plasta. Juu ya ukuta nachuna kwa kidole vipande vidogo vidogo mpaka mstari wa juu usiwe mstari tena.

Kwa wale wanaotaka matofali ya kawaida, kateni mengi, yatieni kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na kokoto, funikeni, tikiseni dakika mbili. Yanatoka yamechubuka pembe zote kama yamelala mvuani miaka.

Rangi sasa, na kosa langu kubwa. Nyumba ya kwanza niliyoimaliza, ya vyumba vitatu na ua, wikendi tatu za kazi, niliipulizia praima, ile rangi ya kwanza ya msingi, ya kopo moja ambayo muuzaji aliniambia inafaa kwa kila kitu. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, kuta zimelika, zimekunjamana, vidaka vimezibana, ile kazi yote ya foili imeyeyuka. Vile viyeyusho vilivyo kwenye spreyi nyingi vinakula stairofomu, hata XPS. Niliumia sana, nilikaa wiki mbili sijagusa kitu. Kwa hivyo tafadhali, kabla ya spreyi yoyote ifunge stairofomu yako kwanza. Dawa yake ni Mod Podge, gundi ya kazi za mikono, au hata gundi nyeupe ya kawaida, uchanganye na rangi nyeusi ya akriliki, upake mara mbili kwa brashi na uhakikishe imeingia kila tundu. Inakauka inakuwa kama ganda, inaongeza nguvu hata kisanamu cha chuma kikiangukia ukuta haubonyei. Mi siku hizi sipulizii kabisa, ule weusi wenyewe ndio praima yangu.

Juu ya weusi watu wengi wanakimbilia kijivu kwa sababu mawe ya huku ni kijivu. Matumbawe sio kijivu. Ni kama rangi ya mfupa wa zamani, manjano iliyochoka, na kwenye kivuli inaingia uwaridi kidogo. Nilianza na kahawia nzito, nikaja na rangi ya mchanga kwa brashi kubwa, halafu brashi kavu ya rangi ya pembe ya ndovu, ile unaifuta brashi kwenye karatasi mpaka unadhani haina rangi tena ndio unapitisha juu juu na zile ncha za mawe zinang'aa. Plasta niliipaka nyeupe iliyotiwa kahawia tone moja. Na juu ya kuta, pale maji ya mvua yanapoteremka, michirizi meusi na kijani, rangi iliyochanganywa na maji mengi inateleza yenyewe ikitafuta nyufa. Kuta za Gede ni nyeusi kule juu, angalieni picha yoyote. Ile michirizi ndiyo iliyobadilisha kila kitu, kabla yake ilikuwa nyumba mpya iliyovunjika, baada yake ikawa nyumba iliyoachwa.

Mizizi nimesokota nyaya nyembamba, nikazizungushia karatasi ya chooni na gundi. Chini nimemwaga majani ya chai yaliyotumika, yakikaushwa vizuri kwenye oveni na kuchanganywa na gundi yanakuwa majani makavu ya msituni, na rangi huhitaji kuongeza.

Nilimtumia mama picha kwa WhatsApp, sikuandika chochote. Akapiga simu papo hapo. "Mwanangu, umekuja lini? Mbona uko Gede hujapita nyumbani?" Nikamwambia mama hiyo ni meza, iko hapa sebuleni kwangu. Akanyamaza kidogo akasema, "Basi hapo mlangoni umesahau kizingiti, ile nyumba ilikuwa na kizingiti cha jiwe, nilijikwaa nikiwa na mimba yako." Nimeweka kizingiti.

Turudi kwenye mashine nimalizie yale ambayo mtanunua mkijua. Kimo cha kukata ni sentimita 14, kwa hivyo mnara mrefu utaukata vipande na kuuunganisha, mi nguzo ya kaburi nimeiunga pande mbili na kiungo nimekificha kwenye ufa. Kutoka kwenye waya hadi nguzo ya nyuma ni sentimita 35, kwa hivyo bodi kubwa ya dukani uipasue kwanza kwa kisu. Mbao haikati, kadibodi haikati, plastiki ngumu sahau, ni stairofomu na jamaa zake tu. Waya utakatika, hasa mwanzoni ukiwa unasukuma kwa nguvu, lakini wangu ulikuja na mzingo wa mita 30 na nimetumia labda theluthi. Mkono wa juu unasogea, kwa hivyo waya unaweza kulala kwa pembe, hii nimeitumia kwa ngazi za mteremko na kuta zinazoegemea, ukishaizoea ni raha. Kitu kimoja nilichojitengenezea ni ubao mdogo wa kuongozea wa milimita 6 kamili, manake unene huo naukata kila siku na sitaki kupima upya kila nikiwasha.

Kuna jamaa wa Mombasa na mwingine wa Dar wameniuliza kama wakiagiziwa itafanya kazi kule. Toleo la 230/E ni la umeme wa kwetu, Kenya, Tanzania, Uganda ni volti 230 hadi 240, na plagi ya Uingereza ya meno matatu ya bapa ndio ile ile ya ukutani nyumbani. Kama mtu anakuletea kutoka Marekani hapo kuwa makini, la kule ni la volti 110 hivi, ukilichomeka Mombasa utaliunguza. Kama inaletwa kutoka Ujerumani hakikisha una adapta ya meno mawili. Na mwambie akuletee mzingo wa pili wa waya kwenye begi, hauna uzito wowote.

Mi sasa niko kwenye kisima. Vile visima vya kule ni virefu na mdomo wake nataka uwe wa mawe, na duara kwa mkono mtupu sijawahi kuliweza. Nimebandika pini kwenye meza ya mashine kwa selotepu, ncha juu, nikachomeka bodi juu yake sentimita mbili kutoka kwenye waya, nikaizungusha taratibu kama nageuza chapati. Duara la kwanza limetoka jana usiku, upana sentimita nne, na waya ulifunga pale pale ulipoanzia.